SOMO LA WIKI: Profoma iliyoishia kwenye barua taka

Msimu wa ufuta unapoanza, bei haikai siku mbili mahali pamoja. Mnunuzi wa nje anaandika asubuhi akiomba bei ya makontena mawili. Mfanyabiashara wa Lindi au Dar es Salaam anapiga hesabu zake za mnada, magunia, usafiri na gharama za bandari, na kabla ya adhuhuri profoma imeshatumwa kwa barua pepe. Baada ya hapo ni kimya. Siku ya tatu anapiga simu, anajibiwa: "Hatukuona kitu kutoka kwenu, tumeshachukua kwa mwingine."

Mnunuzi huyo hasemi uongo. Barua ilitoka, ikafika kwenye kompyuta za kampuni inayomhifadhia barua zake, kisha ikatupwa kwenye kapu la barua taka ambalo hakuna anayelichungulia, au ikakataliwa mlangoni kabisa. Mwenye mali amepoteza oda bila kushindwa kwa bei wala kwa ubora.

Ukurasa huu umezoeleka kwa taarifa za mazao, fedha za kigeni na hisa. Wiki hii tunaazima nafasi hiyo kwa somo moja la ofisini, kwani hasara ya namna hii haionekani kwenye vitabu vya mhasibu. Wengi hulaumu intaneti. Wengine hubadili maneno ya barua, wakiondoa neno "malipo" au kupunguza viambatisho. Hayo husaidia kidogo tu, maana mara nyingi kasoro haiko ndani ya barua. Iko kwenye domeni, yaani lile jina linalofuata alama ya @ katika anwani yako, ambalo wataalamu wa lugha huliita kikoa. Barua imetoka kwa jina la kampuni, lakini kampuni haijatangaza mahali popote ni nani wenye ruhusa ya kutuma kwa jina lake.

TARISHI ASIYEULIZWA KITAMBULISHO

Kanuni zinazotumika kupeleka barua pepe duniani ziliandikwa na Jon Postel wa Marekani mwezi Agosti 1982. Wakati huo mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara, na watumiaji wake walifahamiana. Kompyuta inayotuma hubisha hodi kwa ile inayopokea na kusema, naleta barua ya fulani. Inayopokea huipokea. Hakuna pahali katika kanuni za mwanzo ambapo tarishi huyo aliombwa kitambulisho, na msingi huo haujabadilika hadi leo. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye seva anaweza kuandika barua akaweka jina la kampuni yako kama mtumaji.

Ili kuelewa dawa yake, ndugu msomaji, kumbuka barua ya posta. Ina bahasha, na ndani ina karatasi yenye kichwa cha kampuni. Anwani ya mtumaji iliyo nyuma ya bahasha inaweza kuwa tofauti na kichwa cha barua. Barua pepe nayo iko hivyo hivyo. Ina anwani ya bahasha, ambayo kompyuta huitumia kurudishia barua iliyoshindikana, na ina anwani ya kichwa, ambayo ndiyo mteja wako anaiona. Shika tofauti hiyo, kwa sababu kutoielewa ndiko kunakowapoteza hata mafundi wengi wa kompyuta.

Dawa zenyewe ni tatu, na zote huwekwa kwenye daftari la domeni, lile ambalo kompyuta za dunia nzima hulisoma ili kujua tovuti yako iko wapi na barua zako zipelekwe wapi. Mafundi huliita DNS.

Ya kwanza ni SPF. Hii ni orodha ya matarishi: unatangaza seva zenye ruhusa ya kubeba bahasha zenye jina lako. Kanuni yake ilitolewa mwaka 2006 na kufanyiwa marekebisho 2014. Ya pili ni DKIM, iliyozaliwa 2007 kutokana na mawazo ya kampuni za Yahoo na Cisco. Huu ni muhuri. Kila barua inayotoka hugongwa muhuri wa kihesabu kwa ufunguo wa siri, na anayepokea huukagua kwa ufunguo wa hadharani ulioweka kwenye daftari. Barua ikiguswa njiani, hata tarakimu moja ya nambari ya akaunti ikibadilishwa, muhuri unakataa. Ya tatu ni DMARC, iliyotangazwa Januari 2012 na kundi la kampuni zikiwamo Google, Microsoft, Yahoo na PayPal. Hii ni barua ya maelekezo kwa mpokeaji: ikija barua yenye jina langu ambayo haikuthibitishwa na orodha wala muhuri, ifanye hivi, kisha unipe taarifa.

Kwa miaka mingi mambo haya yalikuwa hiari, na wadogo waliyaachia mabenki. Mwezi Oktoba 2023 Google na Yahoo zilitangaza masharti yaliyoanza kutumika Februari 2024. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa wenye anwani za Gmail lazima awe na zote tatu. Microsoft ilifuata kwa anwani zake za Outlook na Hotmail kuanzia Mei 5, 2025, kwa kiwango hicho hicho cha barua 5,000. Mwenye duka anaweza kusema hayo hayamhusu, yeye hutuma barua arobaini kwa siku. La hasha. Kwa Google na Yahoo kila mtumaji, mkubwa kwa mdogo, anatakiwa kuwa na angalau SPF au DKIM. Na asiyekuwa nayo hapewi taarifa ya maandishi kila mara. Mara nyingi barua zake huanza tu kupotea.

ANZA NA KARATASI, SI NA KOMPYUTA

Kosa la kawaida ni kumwita fundi, akabandika mistari mitatu aliyoinakili mahali, akalipwa na kuondoka. Wiki inayofuata ankara za wateja hazifiki. Kabla ya kugusa chochote, kaa na karani na mhasibu wako muandike kwenye karatasi kila kinachotuma barua kwa jina la kampuni.

Cha kwanza ni sanduku la barua la kila siku, labda la Google, la Microsoft, au la kampuni ileile inayohifadhi tovuti yako. Kisha programu ya uhasibu inayotuma ankara na taarifa za madeni. Kisha huduma ya kutuma matangazo ya bei kwa wateja wote kwa mkupuo. Kisha fomu ya "wasiliana nasi" kwenye tovuti. Ziko pia mashine za skana za ofisini zinazotuma nyaraka kwa barua pepe, na programu ya mishahara. Kampuni ya watu sita inaweza kukuta watumaji watano ambao mkurugenzi hakuwajua hata mmoja zaidi ya sanduku lake mwenyewe.

Jambo la pili la kwenye karatasi ni hili: nani ana nenosiri la akaunti ya domeni? Kwa wafanyabiashara wadogo hapa ndipo kazi nzima hukwama. Domeni ilisajiliwa miaka mingi iliyopita na kijana aliyetengeneza tovuti, kwa jina lake na simu yake, na kijana huyo sasa yuko mji mwingine. Namfahamu mwenye biashara ya vifaa vya ujenzi aliyemtafuta mtu wa namna hiyo kwa miezi miwili, huku domeni ikikaribia kwisha muda. Hakikisha usajili uko kwa jina la kampuni, taarifa za kwisha muda zinakuja kwa watu wawili, na nenosiri liko mahali unapoweka hati za gari na za kiwanja. Kama hilo halijakamilika, usiendelee na somo hili.

ORODHA YA MATARISHI

Katika mifano tutatumia jina example.com, ambalo limetengwa tangu 1999 kwa ajili ya mafunzo na haliuzwi kwa mtu. Weka jina lako badala yake. SPF ni mstari mmoja unaoingizwa kwenye daftari kama rekodi ya aina ya TXT. Kwa kampuni inayotumia barua za Google pamoja na seva moja ya programu ya uhasibu, mstari unaweza kuwa hivi:

v=spf1 include:_spf.google.com ip4:192.0.2.10 ~all

Maana yake: hii ni SPF, seva zote zilizotajwa na Google zina ruhusa, seva yenye nambari hiyo nayo ina ruhusa, wengine wote watiliwe shaka. Nambari iliyotumika hapa ni ya mfano, usiinakili. Anayetumia barua za Microsoft badala ya Google ataandika include:spf.protection.outlook.com. Huduma nyingine zina maneno yao, na kila moja huyatoa kwenye kurasa zake za msaada.

Domeni moja ina mstari mmoja tu wa SPF. Fundi wa pili akiongeza mstari wake bila kuufuta wa kwanza, mpokeaji huhesabu yote miwili kuwa mbovu, na umerudi mahali ulipoanzia. Ukipata huduma mpya, ingiza neno lake ndani ya mstari uleule. Lakini kuna kikomo. Mpokeaji akisoma mstari wako hatakubali kwenda kuuliza daftarini zaidi ya mara 10, na kila include huhesabiwa, pamoja na zile zilizofichwa ndani yake. Watu hufika 10 upesi kuliko wanavyodhani. Huduma uliyoacha kuitumia, ifute.

Kuhusu mwisho wa mstari, wapo wanaosisitiza -all, yenye maana ya kataa wengine wote, badala ya ~all ya kutilia shaka. Ushauri wetu ni kubaki na ~all kama utaweka DMARC, kwa sababu baadhi ya wapokeaji wakiona -all hukataa barua mlangoni kabla ya kuutazama muhuri, na barua halali iliyopitia njia ndefu ikaumia. Usiandike kamwe +all. Hiyo huruhusu dunia nzima kutuma kwa jina lako.

MUHURI

SPF ina udhaifu mmoja mkubwa. Inakagua bahasha na seva iliyoileta, basi. Mnunuzi wako wa Dubai akiwa amepanga barua za ofisini kwake zipelekwe moja kwa moja kwenye Gmail yake, seva inayofikisha barua kwa Gmail ni ya ofisi yake, nayo haimo kwenye orodha yako. SPF inashindwa ingawa hakuna aliyekosa. Muhuri wa DKIM huvuka salama, kwa kuwa umegongwa kwenye barua yenyewe, mradi hakuna aliyeibadili njiani. Kwa sababu hiyo, kama ungelazimika kuchagua kimoja, sisi tungechagua muhuri.

Ufunguo hutengenezwa ndani ya huduma yako ya barua. Kwa Google, msimamizi wa akaunti hutengeneza ufunguo, kisha hupewa maneno marefu ya kubandika kwenye daftari chini ya jina google._domainkey, halafu anarudi kubonyeza kitufe cha kuanzisha. Wengi husahau kurudi, wakakaa mwaka mzima na ufunguo ulioko daftarini na barua zisizo na muhuri. Kwa Microsoft unaingiza rekodi mbili za aina ya CNAME, selector1._domainkey na selector2._domainkey.

Chagua ufunguo wa biti 2048 ukipewa nafasi. Ufunguo huo ni mrefu kuliko herufi 255 zinazoruhusiwa katika kipande kimoja cha TXT, hivyo baadhi ya paneli hutaka uugawe vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu. Kunakili kwa pupa kutoka kwenye ujumbe wa simu huongeza nafasi au kukata herufi ya mwisho, na muhuri hautasomeka. Kosa jingine: paneli nyingi huongeza jina la domeni zenyewe. Ukiandika google._domainkey.example.com, linahifadhiwa google._domainkey.example.com.example.com, na hakuna atakayelipata huko. Andika google._domainkey tu, uhifadhi, kisha usome upya kilichohifadhiwa.

Gonga muhuri kwa kila mtumaji aliye kwenye karatasi yako. Programu ya uhasibu ina ufunguo wake, huduma ya matangazo ina wake. Jina la mbele hutofautiana, kwa hiyo zinaweza kukaa pamoja bila kugombana.

MAELEKEZO KWA MPOKEAJI

Sasa rudi kwenye bahasha na kichwa cha barua. Huduma ya matangazo hutumia bahasha yenye domeni yake yenyewe. SPF inakagua bahasha hiyo na kupita vizuri. Lakini mteja anaona kichwa chenye jina lako. DMARC huuliza swali ambalo wenzake hawakuuliza: je, jina lililothibitishwa ndilo jina ambalo mteja analiona? Ikiwa SPF ilipita kwa jina la huduma na muhuri nao ni wa huduma, jibu ni hapana, na barua yako halali inahesabiwa kuwa ya mgeni. Hii ndiyo sababu fundi hukuonyesha neno "pass" mbele ya SPF huku barua zikiendelea kupotea. Ingia kwenye huduma hiyo, tafuta sehemu ya kuthibitisha domeni yako, uiwezeshe igonge muhuri kwa jina lako.

Fomu ya tovuti nayo ina ugonjwa wake. Mafundi wengi huitengeneza ili barua ionekane imetoka kwa mgeni aliyejaza fomu. Mgeni ana anwani ya Yahoo, na seva yako inatuma barua ikidai ni ya Yahoo. Tangu Aprili 2014 Yahoo imeelekeza dunia nzima ikatae barua za namna hiyo, na uamuzi huo ulipotolewa ulivuruga hata vikundi halali vya majadiliano. Maombi ya bei ya wateja wako yanakataliwa kabla hujayaona. Fomu itume kwa anwani ya domeni yako, na anwani ya mgeni iwekwe kwenye sehemu ya kujibia. Kwa sababu hiyohiyo, anayefanya biashara kwa anwani ya bure ya Yahoo asijaribu kutuma matangazo kwa mkupuo kupitia huduma nyingine. Anunue domeni.

DMARC ni rekodi ya TXT chini ya jina _dmarc, na huanza hivi:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@example.com

Hapo p=none inamwambia mpokeaji asichukue hatua yoyote, alete taarifa tu kwenye anwani iliyotajwa. Taarifa huja mara moja kwa siku kutoka kwa kila mpokeaji mkubwa. Ni faili zilizobanwa, zimeandikwa kwa lugha ya kompyuta, na ukizifungua hivihivi utachoka. Ziko huduma za kuzisoma na kuzipanga, baadhi ni za bure kwa domeni ndogo. Unachotafuta ni mambo matatu: nambari ya seva iliyotuma, idadi ya barua, na kama zilipita. Wiki ya kwanza utamkuta mtumaji uliyemsahau kwenye karatasi. Huenda pia ukakuta seva za nchi usizofanya nazo biashara zikituma mamia ya barua kwa jina lako. Hao si wateja.

Subiri kwa p=none angalau wiki nne, na miongoni mwake lazima uwemo mwisho wa mwezi, wakati ankara, taarifa za madeni na hati za mishahara zinapotoka. Anayeharakisha katikati ya mwezi hugundua tarehe 30 kwamba programu ya mishahara haikuwa kwenye orodha. Taarifa zikionyesha watumaji wako wote wanapita, badili iwe p=quarantine, maana yake barua ya mgeni itupwe kwenye barua taka. Baada ya wiki chache nyingine nenda p=reject, ikataliwe mlangoni. Wapo wanaobaki p=none miaka yote wakidhani wamelindwa. Masharti ya Google na Yahoo yanakubali p=none, ndiyo, lakini tapeli naye hazuiwi na kitu.

Ili kujipima, tuma barua kwa anwani ya Gmail ya rafiki, afungue sehemu ya kuonyesha barua halisi. Juu yake kutakuwa na SPF, DKIM na DMARC, kila moja na jibu lake. Mabadiliko ya daftari hayaenei papo hapo. Yape saa kadhaa, na wakati mwingine siku nzima, kabla ya kubadili tena.

KISICHOZUILIKA

Baada ya kazi yote hii barua zitapokelewa zaidi, lakini kitambulisho hakimlazimishi mwenye nyumba akukaribishe. Google inataka malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu kwa kila barua 1,000. Aliyenunua orodha ya anwani na kuwatumia watu bei wasizoziomba atafika hapo kwa siku moja, na sasa jina linalochafuka ni lake bila ubishi. Kadhalika aliyepanga kwenye seva ya bei rahisi pamoja na mamia ya wengine anaweza kuumizwa na jirani anayetuma uchafu.

Kuna hatari kubwa zaidi, nayo ni ya fedha. Kati ya 2013 na 2015 raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, aliandikisha kampuni nchini Latvia yenye jina sawa na Quanta Computer ya Taiwan, muuzaji wa vifaa kwa Google na Facebook. Barua zikatumwa kutoka anwani zilizotengenezwa zionekane za watumishi wa Quanta, zikiambatana na ankara na mikataba ya kughushi. Kampuni hizo mbili kubwa zililipa zaidi ya dola milioni 120 kwenye akaunti zake. Mahakama ya New York ilimhukumu miaka 5 jela Desemba 2019. Mwaka 2023 pekee FBI ilipokea malalamiko 21,489 ya utapeli wa barua pepe za biashara, na hasara iliyotajwa ilizidi dola bilioni 2.9.

DMARC ikiwa kwenye p=reject, na mpokeaji akiwa anaiheshimu, tapeli hawezi kuandika kwa jina lako kamili. Lakini anaweza kununua domeni inayofanana, mfano examp1e.com, ambamo herufi l imegeuzwa kuwa tarakimu 1, akaiwekea SPF, DKIM na DMARC safi kabisa. Barua yake itapita kuliko hata yako. Anaweza pia kuiba nenosiri la mhasibu na kuandika kutoka ndani ya sanduku lenyewe, na muhuri utakuwa halali. Kwa hiyo wateja wako wajue mapema, kwa maandishi yaliyo kwenye mkataba na kwenye kila profoma, kwamba nambari ya akaunti haibadilishwi kwa barua pepe, na yeyote anayeambiwa imebadilika apige simu kwa nambari aliyokuwa nayo tangu zamani. Asipige ile iliyo kwenye barua.

Mwekezaji mdogo naye ana la kufanya. Anapokea barua kutoka kwa dalali wa hisa kuhusu manunuzi, na kutoka kwa kampuni kuhusu gawio au hisa mpya. Daftari la domeni ni la hadhara, anaweza kulisoma bila ruhusa ya mtu. Kwenye kompyuta ya Windows afungue dirisha la amri na kuandika:

nslookup -type=TXT _dmarc.example.com

akiweka domeni ya dalali wake. Ikijibu p=reject au p=quarantine, kuna aliyefanya kazi. Ikijibu p=none, ama wako njiani ama waliishia hapo. Isipojibu kitu, barua yoyote yenye jina la dalali huyo inayoomba fedha za hisa ithibitishwe kwa simu au kwa kufika ofisini, na si vibaya kumuuliza meneja wake katika ziara hiyohiyo.

Jambo la mwisho ni domeni zinazolala. Wafanyabiashara wengi wana majina mawili au matatu: la .com waliloanza nalo, la .co.tz au .co.ke la baadaye, na la duka lililofungwa. Hayatumi barua, ndiyo maana hakuna anayeyakumbuka, na kwa tapeli hiyo ni bahati. Kwa kila moja weka SPF yenye v=spf1 -all, maana yake hakuna tarishi hata mmoja, na DMARC yenye v=DMARC1; p=reject. Hapa -all inafaa na hakuna haja ya kusubiri wiki nne. Ni kazi ya dakika kumi, ikiwa nenosiri lipo.